Ukitaka Roketi ya Bei Nafuu, Anzia Ardhini

Wiki iliyopita injini yetu ya roketi iliwaka kwenye jukwaa la majaribio na kuzimika kwa wakati wake, na mchoro wa msukumo kwenye kompyuta ukafuatana na hesabu zetu. Tangu niweke mtandaoni video ya jaribio hilo, vijana wananiuliza swali lile lile: tuanzie wapi ili nasi turushe setilaiti zetu kwa gharama ndogo?

Anzieni ardhini. Ifungeni injini, iwasheni, ifungueni, ichunguzeni, kisha mrudie.

Nilipomaliza chuo nilipeleka michoro yangu katika ofisi moja ya umma. Bwana aliyenipokea aliuliza kama zile ni fataki za sikukuu, wenzake wakacheka. Bado inaniuma. Basi tukachanga wenyewe. Nozeli, yaani mdomo wa injini unaotoa gesi, tulikerezewa na fundi wa jua kali kule Kariobangi, Nairobi, ambaye hakukubali kuanza mpaka tumweleze kwa nini koo la nozeli, pale inapobana, liwe sawa pande zote. Leo ni mkali wa vipimo kutuzidi. Kila tukifungua injini, yeye hutazama oringi kwanza, ile pete ya kuziba gesi isivuje: ikiwa na weusi upande mmoja, gesi imepenya hapo, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Msidharau vitu vidogo. Januari 2023 roketi ya Virgin Orbit iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, ilianguka kwa sababu chujio la mafuta lilichomoka, kifaa cha kama dola 100. Miezi michache baadaye kampuni ikafilisika. Electron, roketi ndogo ya kampuni ya Rocket Lab, nayo, mwaka 2017, ilikuwa nzima kabisa ilipokatishwa safari yake ya kwanza. Hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya mawasiliano ya ardhini. Januari 2018 ikafika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia. Pampu zake huendeshwa na mota za umeme na betri badala ya tabo, gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi moto, na sehemu kubwa ya injini huchapishwa kwa printa ya 3D. Unafuu huanzia hapo: kupunguza vipuri vigumu kutengeneza.

Tuambiane ukweli pia. Kwa bei ya kila kilo, roketi ndogo haiwezi kushindana na ile kubwa inayobeba setilaiti nyingi kwa pamoja. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipanda roketi kubwa ya Falcon 9 pamoja na setilaiti za wenzake, Aprili 2023. Roketi ndogo inauza uhuru wa kuchagua siku na mzingo, basi muijenge kwa mteja anayeuhitaji uhuru huo.

Nasi tumekaa mahali pazuri. Kwenye ikweta dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, inakupa mwendo wa takriban mita 465 kwa sekunde, kati ya kilomita 7.8 kwa sekunde zinazohitajika kwenye mzingo wa chini. Waitaliano walilijua hilo: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Asiwadanganye mtu kwamba kazi hii si ya kwetu.

Someni hesabu, vijana. Pimeni, andikeni, pimeni tena. Na kabla ya kuwasha chochote, tafuteni kibali na msimamizi aliyewahi kuifanya kazi hii. Sisi huwasha kwa waya mrefu tukiwa nyuma ya mifuko ya mchanga, na injini ikigoma, haisogelewi na mtu mpaka muda tuliokubaliana upite, hata mvua ikinyeshea vifaa.