Soma mwenendo kwanza, msomi

Ndugu wa mfungwa wakiingia ofisini kwako watakuja na vitu vitatu: kilio, barua ya mwenyekiti wa kijiji inayosema kijana wao ni mtu mwema, na jina la mtu ambaye wanaamini ndiye aliyetenda kosa. Nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, hawatakuwa nayo. Miaka yangu ya kwanza hapa Mbeya nilikuwa napokea hivyo vitatu, hasira zinanipanda, na usiku huohuo naanza kuandika sababu za rufani. Wewe uliyeapishwa uwakili juzi, usinifuate huko.

Jaji wa rufani hamwoni shahidi. Haoni alivyotetemeka, hasikii alivyosita kabla ya kujibu. Anachokiona ni karatasi, na barua ile ya mwenyekiti haimo katika karatasi hizo. Ushahidi mpya kwenye rufani hupokelewa kwa nadra na kwa ruhusa maalumu. Kwa hiyo kama mteja wako ameonewa, uonevu huo inabidi uutafute ndani ya mwenendo uleule uliomfunga.

Nilijifunza hili kwa kijana mmoja wa Rungwe aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, adhabu ambayo sheria haimruhusu hakimu kuishusha chini ya hapo. Pikipiki iliporwa usiku, shahidi wa pili akasema alimtambua kwa mwanga wa tochi. Ndivyo nakala iliyochapwa ilivyosema. Niliandika kurasa nne nzuri kuhusu udhaifu wa kumtambua mtu usiku, nikajiona nimemaliza. Karani mmoja mzee wa masjala, aliyekuwa akinifungia nakala zangu, akaniuliza kama mtu anayeuliza saa: “Faili lenyewe la mkono umeliona?” Sikuwa nimeliona. Nikaomba kulikagua. Pale ambapo nakala ya kuchapwa ilisema shahidi alimtambua, mwandiko wa hakimu ulisema hakumtambua kwa sura, alihisi ni sauti yake. Kineno cha kukanusha na habari ya sauti vilidondoka kati ya kalamu na taipu, hukumu ya rufani ingejengwa juu ya shimo hilo, na kijana alikuwa ameshakaa ndani miaka minne.

Siku ya kusikilizwa jaji alilitazama faili halisi mwenyewe. Wakili wa Serikali akasimama akasema haungi mkono kutiwa hatiani. Hilo nalo lishike: Wakili wa Serikali si adui yako wa kuzaliwa. Wengi wao, ukiwaonyesha kasoro mapema na kwa heshima, watasema ukweli mbele ya jaji, na rufani itamalizika kabla chai ya saa nne haijapoa.

Siku hizi mahakimu wengi wanachapa moja kwa moja, lakini tatizo limehama tu, halijaisha. Huku kwetu shahidi anaweza kuanza kwa Kinyakyusa, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ila utakutana na mienendo mingi ya Kiingereza bado. Mzee akisema “nilimwona”, “nilimtambua” na “nilimfahamu”, hayo ni mambo matatu tofauti. Kwenye karatasi mara nyingi yanalala yote katika neno moja. Tazama pia kama mkalimani aliapishwa na kama jina lake limeandikwa.

Mimi husoma mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu, kama mtu asomaye hadithi, nijue nini kinasemwa kilitokea. Mara ya pili nafuata vielelezo tu, yaani vitu na hati zilizotolewa kama ushahidi. Tuseme ni simu: nani aliikamata, hati ya ukamataji mali iko wapi, nani alikaa nayo, ilipita mikono mingapi hadi mahakamani, na baada ya kupokelewa, hati hizo zilisomwa kwa sauti mshtakiwa asikie? Mara ya tatu naweka hukumu upande mmoja na mwenendo upande mwingine, sentensi kwa sentensi, kwa sababu hakimu aliyechoka huweza kuandika “mwanga ulikuwa wa kutosha” wakati hakuna shahidi hata mmoja aliyelisema hilo. Hapo ndipo pa kukaa.

Katika utambuzi wa usiku utaitaja kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya 1980, kila mtu anaitaja. Lakini usiitaje kama dua. Igeuze iwe maswali: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga wa nini na ukali wake, alikuwa anamfahamu kabla? Halafu ongeza akili ya kijijini. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Anayemulikwa machoni haoni kitu zaidi ya duara jeupe, na anayemulika ndiye aonaye. Kulikuwa na migomba, kulikuwa na ukungu? Anayeijua Tukuyu usiku wa mwezi wa tano hahitaji kuelezwa. Na kama kweli shahidi alimjua mtu aliyempora, kwa nini usiku ule hakumtaja kwa balozi wala kwa majirani waliokuja na mapanga, akaja kumtaja polisi baada ya siku tatu? Mahakama inalipa uzito mkubwa suala la kumtaja mtu mapema.

Maelezo ya onyo, yale ambayo mtuhumiwa huandikwa polisi baada ya kuonywa haki zake, nayo yana saa yake. Mtuhumiwa anatakiwa kuhojiwa ndani ya saa 4 tangu kukamatwa, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Wakili kijana anayeanza akiona zimepita saa 7 anaruka kwa furaha. Tulia. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hauhesabiwi, na kutoka vijiji vya ndani vya Chunya hadi kituoni si mwendo wa bodaboda ya Mwanjelwa, hapa mjini. Piga hesabu kwanza.

Tarehe zimeniaibisha mimi binafsi. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufani ndani ya siku 45, ukitoa muda uliotumika kusubiri nakala. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Nilikuwa na mteja gerezani nikadhani kusudio limeshawasilishwa kupitia kwa mkuu wa gereza kama wafungwa wengi wanavyofanya. Sikuuliza. Halikuwa limewasilishwa. Kuomba kuongezewa muda, na viapo vyake, kulikula karibu mwaka mzima wa maisha ya mtu, na mtu huyo si mimi. Sasa siku ya hukumu siondoki mahakamani kabla kusudio halijaingia kwenye mfumo nami nina nakala yenye muhuri. Na namba za vifungu usizinakili kutoka hukumu za zamani, kwa sababu toleo la sheria la 2023 limehamisha nyingi.

Ukienda gerezani, Ruanda hapa Mbeya au kwingineko, utakuta mteja ameshaandika sababu zake kumi na mbili kwa msaada wa mfungwa mkongwe anayeitwa wakili na wenzake. Usizicheke. Nyingi ni za kuokoteza, lakini mara mbili nimekuta ya tisa au ya kumi ikiwa na kitu ambacho mimi sikukiona, kwa sababu yeye alikuwepo. Kisha mweleze hatari zake waziwazi. Kama alipewa adhabu ndogo kuliko inayotakiwa kisheria, Mahakama Kuu inaweza kuirekebisha kwenda juu. Kama alikiri kosa, mlango wake ni mwembamba: ukali au uhalali wa adhabu, au kukiri kwenyewe kuwa na utata. Na rufani ya kwanza ndiyo pekee ambamo ushahidi wote unapepetwa upya. Akifika Mahakama ya Rufani atakuta wanataka hoja za sheria, na mahakama mbili zikikubaliana juu ya jambo lililotokea, kuwatoa majaji hapo ni kazi.

Jingine ambalo vijana hawalioni linakuja: kushinda na kupoteza siku moja. Unaonyesha mwenendo una kasoro kubwa, jaji anakubali, anaufuta, kisha anaamuru kesi isikilizwe upya. Mteja anarudi mahabusu kusubiri mashahidi wale wale, sasa wameshajua wapi walijikwaa. Kwa hiyo usisubiri uulizwe. Uwe na hoja ya kupinga hilo tangu mwanzo: kesi ya Fatehali Manji ya 1966 inasema usikilizaji mpya si wa kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo. Onyesha kwamba hata kasoro ikiondolewa, ushahidi uliobaki haumfungi mtu. Taja na miaka aliyokaa.

Yule kijana wa Rungwe aliachiwa. Fidia haiji yenyewe kwa mtu aliyefungwa kimakosa, kwa hiyo alitoka na mfuko wa rambo na nauli niliyompa. Baada ya wiki tatu akarudi ofisini. Kijijini wanasema amehonga. Hukumu niliyompa ni ya Kiingereza, kurasa kumi na nne, hakuna aliyeisoma.

Nikakaa naye, nikaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: mahakama iliona nini kwenye faili, shahidi alisema nini hasa, na kwa nini hatia imefutwa. Tukapanda gari la Tukuyu pamoja. Mwenyekiti, yuleyule aliyeandika barua ya kwanza, akausoma kwenye mkutano, kisha akatoa muhuri wa kijiji akaugonga chini ya mwandiko wangu. Kisheria muhuri ule hauna maana yoyote. Kijana aliukunja mara nne, na nakala ya hukumu akaisahau juu ya benchi.