Shirley Collins: banjo, si konsatina

Mmesema kuna mwimbaji aliyerudi kurekodi baada ya miaka 38, aliyejulikana kwa kupiga konsatina. Hapana, mnachanganya. Huyo aliyerudi ni Shirley Collins, mwimbaji wa nyimbo za kiasili za Uingereza, na yeye hakujulikana kwa konsatina. Chombo chake ni banjo ya nyuzi tano. Konsatina ni kile kidude cha pembe sita kinachokaa viganjani, chenye vifungo vidogo huku na huku. Wala si kodiani ile ya taarab ya Zanzibar, inayobebwa kwa mikanda mabegani na kupigwa kama kinanda upande wa kulia. Ni ndugu tu, wote wana mivukuto.

Kuhusu kurudi kwenyewe, mliyosema ni kweli. Albamu yake na dadake Dolly ilitoka 1978, kisha sauti ikamkatalia kabisa, ugonjwa unaoitwa disfonia. Hakuimba tena jukwaani hadi 2014, London, alipobembelezwa sana na mwanamuziki David Tibet. 2016 ikatoka albamu ya Lodestar, ambayo ninayo. Aliirekodi nyumbani kwake katika mji wa Lewes, Uingereza, kwa kuwa hakutaka studio, na mahali fulani unasikia ndege wa nje wakilia, hawakufutwa. Sauti imeshuka mno ukilinganisha na ya ujanani, lakini kwangu zile nyimbo zake za kiasili zinazosimulia mauaji zinakaa vizuri zaidi kwa sauti ya bibi wa miaka 80 na ushee.

Baada ya hapo akatoa albamu nyingine mbili, 2020 na 2023, kwa hiyo Lodestar haikuwa ya kuagana.