Mmeuliza kuhusu uwanja wa Forest Green Rovers, haya twende kazi

Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile klabu ndogo ya Uingereza, Forest Green Rovers, wale wa jezi za kijani ambao uwanjani kwao huuziwi nyama hata kipande, basi maswali yamemiminika kuliko hata nilivyoandika kuhusu usajili. Nimefurahi sana kwa kweli. Nimechukua manne ambayo nadhani yatawasaidia na wengine.

Shikamoo kaka. Mi ni mwanafunzi, niko Uingereza mwaka wa kwanza, na dada yangu anakuja kunitembelea. Tumeona picha za uwanja wao wa mbao, mzuri mno, tunataka twende tukauone. Tunafikaje? Na twende siku ya mechi au siku ya kawaida?

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujakata tiketi ya treni ngoja nikwambie jambo moja maana naona wengi mmeangukia hapo hapo: ule uwanja wa mbao mliouona ni picha za kompyuta. Ni mchoro wa ofisi ya wasanifu majengo ya Zaha Hadid, walishinda shindano la kuusanifu mwaka 2016, uwe wa watu 5,000 na karibu kila kitu kiwe mbao, kisha halmashauri ya Stroud ikaukataa katikati ya 2019, wakarekebisha maombi, ukapitishwa Desemba mwaka huo huo. Kupitishwa sio kujengwa. Mkienda kuutafuta huko karibu na barabara kuu ya M5 hamtaukuta.

Uwanja wanaochezea unaitwa The New Lawn, umefunguliwa 2006, uko juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Nailsworth, mkoa wa Gloucestershire. Na niseme ukweli, kwa macho ni uwanja wa kawaida kabisa. Zege, mabati, jukwaa la kukaa, majukwaa ya kusimama, basi. Mtu akikupeleka bila kukwambia kitu unaweza ukaangalia mechi dakika 90 ukaondoka hujui ulikuwa wapi. Mi ndo maana naupenda hivyo ulivyo, kwa sababu ujani wake hauko kwenye sura, uko kwenye vitu ambavyo lazima uviulizie au uvitafute: maji yanakwenda wapi, umeme unatoka wapi, jikoni kuna nini, nyasi zinalishwa nini. Kwa hiyo msivunjike moyo mkifika mkaona mabati.

Kufika sio ngumu. Kutoka London mnapanda treni kituo cha Paddington mpaka Stroud, kama saa moja na nusu hivi, halafu Stroud mnachukua basi la Nailsworth. Kama dada yako anapenda kutembea au mna baiskeli kuna kitu kitamu zaidi: ile reli ya zamani iliyokuwa inaingia Nailsworth ilifungwa miaka mingi na sasa ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, mnapita bondeni katikati ya miti bila kusumbuana na gari. Ila mkifika mjini bado hamjafika! Kuna kile kilima. Mi nilikipanda kwa miguu nikiwa na koti zito, nikasimama mara mbili, akanipita mzee mmoja wa makamo ya babu yangu na skafu yake ya kijani, anapumua vizuri tu, akanisalimia kwa kichwa akaendelea zake. Wenyeji wamekizoea.

Usione nimeng'ang'ania treni na basi na miguu. Kwenye klabu nyingi za mpira sehemu kubwa ya hewa chafu haitoki kwenye taa wala jikoni, inatoka kwenye magari ya mashabiki wanaokuja na kurudi, kila wiki mbili, msimu mzima. Hawa jamaa wameweka vituo vya kuchajia magari ya umeme pale maegesho, vizuri, lakini wewe mwanafunzi huna gari, basi wewe tayari ndo mgeni wanayemtaka. Na kwa wale walioniuliza kama inafaa kupanda ndege toka huku kwetu kwenda kuona uwanja huo tu, jibu langu ni hapana, hiyo safari moja ya ndege inafuta maana yote. Nenda kama uko kule tayari kwa masomo au kazi au ndugu.

Siku ya mechi ndo siku. Msimu unaanza Agosti unaisha Mei, mechi nyingi ni Jumamosi saa tisa alasiri, na Januari pale kilimani kuna upepo ambao utaujua jina, vaeni soksi mbili.

Assalam aleikum. Mimi ni Muislamu na mume wangu pia. Nimesoma kwamba pale chakula chote hakina nyama. Je tunaweza kula bila wasiwasi? Na watoto watakula nini jamani, wamezoea baga na chipsi.

Waaleikum salaam dada. Swali zuri sana hili na nimeshangaa hakuna aliyewahi kuliuliza.

Hadithi yake ni hivi. Dale Vince, mwenye kampuni ya umeme wa upepo na jua inayoitwa Ecotricity, hapo hapo Stroud, aliichukua klabu mwaka 2010 ikiwa na hali mbaya ya pesa. Muda mfupi baadae akaondoa nyama nyekundu kwenye chakula cha wachezaji, watu wakapiga kelele, hakurudi nyuma, mpaka kufika 2015 klabu nzima ikawa vigani, yani sio nyama tu, hata maziwa ya ng'ombe, mayai, siagi, samaki, hakuna. Wachezaji, mashabiki, viongozi, hata timu pinzani ikija inakula hicho hicho. Sababu zao ni mbili, moja ni huruma kwa wanyama, nyingine ni kwamba ufugaji wa ng'ombe unatoa gesi ya methani kwa wingi na unakula ardhi na maji kuliko kulima mboga na kunde.

Sasa kwako wewe maana yake ni kwamba ile hofu ya kwanza kabisa mkiwa ugenini, hii nyama imechinjwaje, hili soseji lina nguruwe au halina, inaondoka yote kwa mpigo. Baga zipo, ila za mboga na soya. Chipsi zipo, na mafuta yaliyokaangia yakichoka hayamwagwi kwenye mtaro, yanakusanywa yakatengenezewe mafuta ya kuendeshea magari. Kuna na pai, mi nilikula, ina liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, na mchuzi mweupe mzito wa soya ndani, nimeishika kwa mikono miwili maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, ile mvuke ilivyonipiga usoni nilisahau kuuliza imewekwa nini. Chai wanakuwekea maziwa ya mimea. Watoto hawatajua tofauti kwenye chipsi, kwenye baga watajua, msiwadanganye, waambieni mapema kwamba hii sio nyama ni kitu kingine, mtoto akitegemea nyama akakosa atasusa.

Lakini mvinyo na bia zinauzwa, hilo ujue, wao walichofanya ni kuchagua zile ambazo hazikusafishwa kwa vitu vya mnyama, maana kuna bia huwa zinachujwa kwa kitu kinachotolewa kwenye kibofu cha samaki. Kwa hiyo kutokuwa na nyama sio sawa na kuwa halali moja kwa moja, kama kuna mchuzi una mashaka nao ulizia kama umepikwa na pombe, wala usione aibu, hao ni watu waliozoea kuulizwa viungo. Na jingine la kukutuliza, sheria ya Uingereza tangu 1985 hairuhusu kunywa pombe sehemu unayoona uwanja wakati wa mechi kwenye zile ligi tano za juu, hivyo pale jukwaani mlipokaa na watoto hakuna mtu atakayewamwagia bia.

Kaka mi naona hii yote ni biashara. Mwenye timu anauza umeme wa upepo, sasa amepata bango la matangazo linalocheza mpira. Na timu yenyewe inashuka tu. Unatusifia nini?

Umesema kweli nusu, na hiyo nusu siipingi. Ndiyo anauza umeme, na ndiyo klabu inamtangaza, kila mwandishi anayepanda kile kilima akaandika kuhusu paneli za sola juu ya paa la jukwaa, jina la kampuni linatajwa, hata mimi hapa juu nimelitaja. Lakini matangazo ya kawaida unabandika stika ya kijani kwenye ukuta unaenda zako. Kuwaondolea mashabiki wa Kiingereza pai ya nyama siku ya mechi ni kujitafutia ugomvi, hakuna mtu wa matangazo angekushauri hivyo. Walipima hewa ukaa yote wanayotoa, wakapunguza walipoweza, iliyobaki wakailipia fidia, yani wakatoa pesa kwa miradi ya kupunguza hewa ukaa kwingine, na 2018 wakatambuliwa na mpango wa Umoja wa Mataifa kuwa hawaongezi hewa ukaa. Kile kipande cha fidia ndo mi huwa sikipi uzito sana, kulipia uchafu sio sawa na kutouchafua, lakini kupima kwenyewe ni kazi ambayo klabu kubwa zenye pesa za kufa mtu zilikuwa hazijaianza.

Kuhusu timu kushuka, ngoja tuweke sawa. Klabu ni ya mwaka 1889 na kwa zaidi ya miaka 120 ilikuwa haijawahi kugusa ligi za kulipwa zinazoitwa Football League. Mei 2017 wakaifunga Tranmere Rovers 3-1 pale Wembley wakapanda, na Nailsworth, mji ambao wakazi wake hawafiki elfu saba, ukawa mji mdogo kuliko yote kuwahi kuwa na timu huko. 2022 wakachukua ubingwa wa daraja la nne wakapanda la tatu, na hapo hapo ndo mambo yakaharibika, wakashuka 2023, wakashuka tena 2024 mpaka daraja la tano, nje ya Football League kabisa. Inauma. Katikati ya hiyo mitafaruku, Julai 2023, walimpa Hannah Dingley ukocha wa muda, mwanamke wa kwanza kushika timu ya wanaume ya kulipwa Uingereza. Sasa niambie, mboga ndo zimewapandisha na mboga ndo zimewashusha? Timu zinazokula nyama nazo zinashuka kila mwaka. Waliopanda walikula kunde, walioshuka walikula kunde, tafuta sababu kwenye usajili na ulinzi kama unavyofanya kwa timu yako.

Mimi natunza uwanja wa shule. Nasikia wao nyasi hawapigi dawa hata kidogo. Inawezekanaje? Na mgeni anaruhusiwa kuzikanyaga azione?

Wewe ndo nilikuwa nakusubiri.

Kuzikanyaga hapana, kuingia uwanjani bila ruhusa kule ni kosa kisheria na watakutoa. Ila kuziona inawezekana vizuri tu na ntakwambia namna.

Ni kweli hakuna dawa ya magugu, hakuna dawa ya wadudu, hakuna mbolea ya kiwandani. Wanalisha udongo kwa mwani, ule wa baharini, na magugu yanang'olewa kwa mkono na kwa vifaa vya kawaida, na hapo wewe mwenyewe unajua ni mgongo wa nani unaouma. Maji ya mvua yanayopita kwenye nyasi hayaachwi yapotee, chini kuna mfumo wa kuyakusanya yanarudishwa kumwagilia, na Uingereza mvua sio tatizo. Mashine ya kukatia nyasi waliyoleta ni roboti, haina mtu, inaelekezwa kwa setilaiti na inachajiwa kwa umeme wa jua, inakata kidogo kidogo mara nyingi. Nyasi zilizokatwa hazichomwi, wakulima wa jirani wanazichukua kurutubisha mashamba yao.

Wewe hiyo roboti isikuumize kichwa, sio siri ya pale. Siri ni kwamba ukiacha dawa, minyoo ya ardhini inarudi, na minyoo ndo inayotoboa udongo maji yazame hewa iingie, mizizi inakwenda chini zaidi yenyewe. Ukipiga dawa unaua kile kibarua kinachokufanyia kazi bure usiku kucha. Gharama yake ni kwamba mwanzoni uwanja utakuwa na madoa, utachekwa, na lazima uinamie magugu yakiwa bado machanga kabla hayajatoa mbegu, ukichelewa wiki moja tu umechelewa msimu. Anza na kona moja kwanza, ile ambayo watoto hawaichezei sana, uilinganishe na sehemu nyingine baada ya mvua kubwa uone maji yanakaa wapi.

Na ukibahatika siku moja kufika kule, ingia mapema geti linapofunguliwa tu kabla watu hawajajaa, nenda moja kwa moja mpaka kwenye chuma cha mbele cha jukwaa la kusimama, inama. Mi nilifanya hivyo. Kutoka juu ni kijani kimoja, ukiwa karibu unaona majani ya upana tofauti, mengine membamba kama uzi, na vile vichuguu vidogo vya udongo mweusi vya minyoo, vipo, na jamaa mmoja anapita navyo taratibu anavitawanya na mti mrefu mwembamba kabla timu hazijatoka kupasha.