Kizazi Kikishuka: Misuli Huvutwa Juu, Haisukumwi Chini

Msomaji ameandika kwamba kila jioni anagusa kitu laini mlangoni mwa uke, asubuhi hakipo. Anaogopa saratani. Dada, dalili hizo zinafanana zaidi na kushuka kwa kizazi, ila usijipime kwa kukisia. Mara nyingi kinachoshuka si kizazi bali kibofu kinachosukuma ukuta wa mbele wa uke, au puru (mwisho wa utumbo mpana) inayosukuma ukuta wa nyuma. Ndiyo maana mmoja hulalamikia mkojo usioisha, na mwingine hapati choo mpaka abonyeze kwa kidole.

Hospitalini utaambiwa ukohoe au usukume, kisha utapewa daraja la kiasi kilichoshuka, 0 hadi 4. Daraja la 2 maana yake kilichoshuka kimefika mlangoni, kisizidi sentimita 1 juu au chini yake. Ukilala kikajificha, omba upimwe umesimama.

Kwa daraja la 1 na la 2, anza na mazoezi ya misuli inayoshikilia viungo hivi kwa chini, na uyape angalau wiki 16. Bana kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, vuta juu kwa ndani, shikilia hadi sekunde 10 ukiweza, kisha achia kabisa. Rudia mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku. Wengi hukosea hapa: hukaza matako, huzuia pumzi, na badala ya kuvuta juu husukuma chini, jambo linalozidisha tatizo. Jihakikishie kwa kidole safi ukeni: kinapaswa kubanwa na kuvutwa ndani. Usifanye zoezi hili kwa kukata mkojo katikati.

Choo kigumu na kikohozi sugu vitibiwe pia, la sivyo kila msukumo unabomoa ulichojenga. Chooni, inua miguu juu ya kigoda, magoti yapite nyonga, usijikamue.

Kuna pia pesari, pete ya silikoni inayoshikilia viungo kwa ndani. Kabla ya kuondoka kliniki tembea, chuchumaa, kohoa, kojoa. Ikiuma, ikidondoka au mkojo ukigoma, saizi si yako. Usipoweza kuitoa mwenyewe, rudi angalau kila miezi 6 ikasafishwe. Upasuaji upo, ila hali inaweza kurudi, hivyo mazoezi hayaachwi.

Mkojo ukiziba kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kwenye kilichotokeza, au damu baada ya kukoma hedhi, navyo visisubiri miadi ya mbali.