Umepangiwa Aljebra ya Kati? Usiache Chuo Kwanza

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja aliyeko Dallas alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu mpaka nikausikiliza kwa mafungu. Ameingia Texas kwa bahati nasibu ya grinikadi, anafanya kazi ya usiku ghalani, na amejiandikisha komyuniti koleji asomee uhasibu. Wamempima hesabu, alama hazikutosha, wamempangia Intermediate Algebra, ile aljebra ya kati. "Dada, mimi nimemaliza kidato cha sita, leo narudishwa kutafuta x na watoto waliozaliwa juzi? Bora nibebe boksi tu."

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa naingia kwenye kikao. Jibu refu ni hili, na naliandika kwa ajili ya wote mnaotaka kuacha chuo kwa sababu ya darasa hilohilo. Najua mpo, na najua mnataka kile nilichokitaka mimi: kuachana na kazi ya kusimama usiku kucha, mpate kazi yenye kiti.

Mimi ni mtu wa HKL. Waliosoma Tanzania wanaelewa nimesema nini hapo. Basic Mathematics ya kidato cha nne nilipata alama ambayo siiandiki hapa, nikakimbilia Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikajua mimi na x tumeshaachana kwa heri. Miaka ikapita. Nikaja Houston, nikachukua cheti cha uuguzi msaidizi, nikaanza kazi kwenye nyumba ya wazee. Wengi mnaijua kazi hiyo: kugeuza wagonjwa, kuogesha, kubadilisha mashuka, na mgongo unaokukumbusha kila asubuhi kwamba hauna spea. Pale chini palikuwa na ofisi ya malipo ya bima. Kila nikipita nawaona wamekaa, wana kahawa, wana madirisha. Nikasema na mimi nitakaa humo. Nikaenda koleji kuulizia shahada ya miaka miwili.

Texas wana mtihani wao wa kupima kama uko tayari kwa masomo ya chuo, TSI. Anayeingia chuo cha umma anaufanya asipokuwa na msamaha, na cheti cha NECTA, baraza letu la mitihani Tanzania, si msamaha. Wakati wangu alama ya kuvukia upande wa hesabu ilikuwa 350. Tangu Januari 2021 mtihani umebadilishwa, unaitwa TSIA2, na kizingiti ni 950. Sehemu kuu ya hesabu ina maswali 20. Hauna kikomo cha muda, kwa hiyo ukiona jirani yako amenyanyuka mwache aende. Kikokotoo chako hakiingii. Kinajitokeza kwenye skrini kwa baadhi ya maswali tu.

Hayo yote niliyajua baadaye. Siku yenyewe nilikuwa nimetoka shifti asubuhi, nimefuata fomu tu, dada wa mapokezi akaniambia kuna kompyuta iko wazi, ingia ufanye sasa hivi umalize. Nikaingia na sare yangu, macho mekundu. Utaratibu wa Texas unataka mwanafunzi apewe kwanza maelezo ya mtihani na maswali ya mfano kabla hajaufanya. Sikupewa. Nilibonyezabonyeza vitu kwenye skrini, basi, na mimi nikapangiwa aljebra ya kati. Kuna wanaosema yaliyopita yamepita. Mimi hili bado linaniuma, maana nililipia kipindi kizima cha masomo kwa asubuhi ile moja. Kwa hiyo ninyi dai maelezo hayo, na ulale kwanza. Ukiweza kuurudia mtihani baada ya kujiandaa, urudie. Ni rahisi kuliko darasa.

Jumapili moja kwenye nyama choma shemeji yangu akaniuliza mbele za watu, "Kwa hiyo umevuka bahari kuja kusoma hesabu za kidato cha pili?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Nimemsamehe shemeji. Ila kama unasoma hapa, msimu wa kodi ukifika karibu ofisini kwangu nikuandalie ritani yako, utakaa kwenye kiti cha mteja.

Na kweli ni hesabu za kidato cha pili, na cha tatu kidogo. Kutafuta mafungu ya kuzidishana, milinganyo ya kipeo cha pili, vipeuo, mistari kwenye grafu, milinganyo ya kutokuwa sawa (inequalities), na mwishoni logi. Mambo mengine mlishayaona kwa jina jingine: walimu wetu waliita gradient, huku ni slope, indices huku ni exponents. Wiki ya kwanza nilikuwa nanyamaza kwa maswali ninayoyajua kwa sababu sikutambua ninachoulizwa. Pitia orodha ya mada mapema, uandike pembeni jina ulilolizoea.

Lakini kabla hujanunua hata daftari, kuna swali la kumwuliza mshauri wa masomo, na ukae hapo mpaka akujibu: kozi yangu inataka hesabu ipi hasa? Vyuo vya Texas vinatumia namba zinazofanana. MATH 1314 ni aljebra ya chuo, hiyo ni ya wanaoelekea uhandisi na sayansi. MATH 1324 ni ya biashara. MATH 1342 ni takwimu, MATH 1332 ni hesabu za jumla za watu wa fani za sanaa. Rafiki yangu aliyetaka ustawi wa jamii alikaa na sisi aljebra muhula mzima, akilia, wakati kozi yake ilihitaji takwimu. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuuliza, na kwa sababu mshauri alikuwa na foleni mlangoni.

Uliza pia kama wana mpango wa kukuingiza moja kwa moja kwenye hesabu yenye krediti, yaani inayohesabiwa kwenye shahada, huku ukihudhuria darasa la msaada pembeni. Sheria ya Texas ya mwaka 2017 iliwasukuma vyuo kwenda huko, na California nao walipitisha yao mwaka huohuo. Kwa anayejua hesabu za sehemu (fractions) na milinganyo ya kawaida, ni njia nzuri, inaokoa muhula. Kwa mtu kama mimi, ambaye nilikuwa sikumbuki kujumlisha theluthi na sudusi, nadhani ningezama. Watu watabisha; sawa.

Pesa sasa. Kozi inayoanza na sifuri, MATH 03 na kitu, haihesabiwi kwenye shahada yako, ila ada unalipa. Wenye grinikadi mnaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali, kama raia, na Pell, ruzuku ya serikali, inaweza kulipia kozi za namna hii hadi krediti 30. Hapo watu hufurahi wakasahau upande wa pili. Ili uendelee kupewa msaada, vyuo vingi vinataka uwe umemaliza asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na ile W ya kujitoa inahesabika kwamba ulijaribu. Kwa hiyo "naacha tu, nitarudi muhula ujao" si bure. Nenda ofisi ya msaada wa kifedha kwanza, ndipo uache.

Nirudi darasani. Tulianza chumba kimejaa: vijana waliotoka hai skuli, mama wa Kimeksiko mwenye wajukuu, kaka aliyetoka jeshini, Wanaijeria, Wavietnamu. Katikati ya muhula viti nusu vitupu. Na walioondoka hawakushindwa na x. Walishindwa na hesabu za sehemu, na walishindwa na Jumapili usiku.

Sehemu kwanza. Mtu anaona (x + 6) juu ya 6, anakata 6 na 6, anaandika x. Mimi pia mkono ulikuwa unaniwasha kukata. Mwalimu wetu, mzee mmoja aliyekuwa akifundisha vyuo vitatu kwa wiki moja na kula chakula cha mchana kwenye gari, hakugomba. Alisema tu, weka 6 mahali pa x. Juu inakuwa 12, ukigawa kwa 6 unapata 2. Wewe ulisema jibu ni x, yaani 6. Basi. Tangu siku hiyo sikukabidhi jibu bila kuweka namba ndani yake. Ndiyo ilinipa A, nawaambia ukweli. Kuna maswali yanayotega kabisa: kipeuo cha pili cha x + 6 ni sawa na x. Ukizidisha kila upande kwa wenyewe unapata majibu mawili, 3 na hasi 2. Rudisha hasi 2 kwenye swali: kushoto unapata 2, kulia hasi 2. Limekufa hilo. Anayeandika yote mawili anapoteza maksi akiwa na uhakika kabisa.

Na msidharau ya shule ya msingi. KDS, kigawe kidogo cha shirika, niliyochapwa fimbo kwa ajili yake ndiyo iliyoniokoa. Mwenzangu anatandika vitanda vya ghorofa nzima kwa saa 3, mimi natumia saa 6, tukifanya pamoja tutamaliza kwa saa ngapi? Kwa saa moja yeye kamaliza theluthi, mimi sudusi, KDS ni 6, jumla nusu. Saa 2. Swali hilo lilikuja kwenye jaribio likiwa na wapaka rangi, nikalifanya kwa vitanda. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) nayo inasaidia, ila haina vipeo ndani, na wao wana PEMDAS yao ya kazi hiyohiyo, inayopotosha vilevile. 10 − 3 + 2 ni 9. Kijana aliyeng'ang'ania kwamba kujumlisha kunatangulia alipata 5 na akabishana na mwalimu hadi kipindi kikaisha.

Jumapili usiku ni habari ya kazi za nyumbani. Zinafanywa kwenye programu ya kompyuta, inafungwa saa sita kasoro dakika moja, na haijali kwamba uko shifti na wazee wawili wanaita. Tena inakataa jibu sahihi kwa sababu umeliandika kwa desimali wakati inataka sehemu. Nililia mara moja chooni kazini kwa sababu hiyo. Baadaye nikawa nafanya kila siku maswali machache baada ya darasa, kwenye maegesho, kabla sijawasha gari. Jumapili nabaki na vipande tu.

Kitabu msinunue mpaka mwalimu aseme ni lazima. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, hapahapa Houston, wametoa kitabu kizima cha Intermediate Algebra tangu 2017, bure mtandaoni, na toleo la pili la 2020. Mwalimu akilazimisha msimbo wa programu ya kazi za nyumbani, hapo hakuna ujanja, unalipia.

Halafu nendeni kwenye chumba cha msaada wa masomo. Ni bure, mmeshakilipia kwenye ada. Mimi nilikwepa mwanzoni kwa sababu msaidizi alikuwa binti mdogo kuliko mtoto wa dada yangu. Wadogo zangu, aibu hii tumetoka nayo nyumbani, kwamba mtu mzima haulizi. Mnaulizana bei ya kila kitu, mnaulizana mtu fulani anapata dola ngapi kwa saa, lakini kuuliza hasi mara hasi inakuwaje mnaona mtadharauliwa. Nani anawajua huku? Kaeni na huyo binti. Nilikaa naye, tena na tena, mpaka akawa ananiwekea kiti. Niliowaona wakifaulu karibu wote walikuwa wanakwenda kwenye chumba hicho. Nendeni.

Swali la mwisho mnaloniuliza sana ni darasa la kiangazi, au la mtandaoni, ili limalizike haraka. Muhula wa kawaida ni wiki 16; kiangazi vyuo vingi vinayakandamiza hayohayo kwenye wiki 5. Kama unafanya kazi usiku, usichukue. La mtandaoni nalo liache kwa wanaopenda hesabu, sisi tuliozikimbia tunahitaji mtu wa kutuona tunavyokosea. Chukua la muhula wa vuli, la ana kwa ana, la asubuhi, unapotoka tu kazini. Ukipita nyumbani kwanza kuoga, utalala.