Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Vitambaa na Mapambo ya Mfarishi wa Viraka Holela

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kwa ufupi mfarishi wa viraka holela, yaani kile kifuniko cha kitanda au pambo la ukutani ambalo vipande vya vitambaa vya kila umbo hushonewa juu ya kitambaa cha msingi bila kufuata miraba wala vipimo sawa, kisha kila mshono hufunikwa kwa darizi na nafasi zinazobaki hupambwa kwa lesi, utepe, vifungo na shanga. Barua zilizotufikia kutoka Nyanda za Juu Kusini karibu zote zinauliza vitu hivyo vitapatikana wapi na vipi kati yake vinafaa. Tumechagua tano.

Shikamoo mama. Ninashona sare za shule hapa Mwanjelwa, Mbeya. Picha mliyoionyesha ilikuwa ya hariri na mahameli, na mimi sina uwezo wa kununua aina ishirini za vitambaa dukani kwa kazi moja. Je, ninunue kidogo kidogo, au nisubiri mtaji?

Marahaba, mwanangu. Usisubiri mtaji, na kitambaa cha jora usinunue hata kidogo, isipokuwa kile cha msingi. Kazi hii huhitaji aina nyingi kwa kiasi kidogo, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Mtu anayekatiwa nusu mita dukani hujikuta ana kitambaa kingi cha aina moja, na mfarishi wake huishia kuwa na rangi zilezile kila upande.

Anza na mafundi wenzako. Sare za shule hazitakupa mengi, kwa kuwa vitambaa vyake ni vya aina chache na rangi zake ni zilezile mwaka hadi mwaka, lakini fundi wa suti hutupa bitana inayong'aa, na fundi wa magauni ya sendofu na harusi hutupa satini, lesi na mahameli ambavyo wewe ungevinunua kwa bei kubwa. Mabaki hayo mara nyingi huishia kujazia mito. Mwombe mwenzako akuwekee mfuko chini ya cherehani yake, nawe umpe chochote kinacholingana na urafiki wenu, kwa maana anayepewa bure kila siku mwishowe huonekana msumbufu.

Baada ya mafundi, nenda kwenye mitumba, ila usiende siku ya kufungua belo, wakati wateja wanagombea nguo nzima na bei iko juu. Wewe unatafuta nguo iliyochanika kwapani, yenye zipu mbovu au doa kifuani, ambayo muuzaji ameichoka na ameimwaga chini pamoja na nyingine. Blauzi ya namna hiyo ina mgongo mzima usio na doa, ina vifungo, na pengine ina lesi shingoni. Tai za wanaume zisikupite. Nyingi hutengenezwa kwa hariri au poliesta yenye michoro ambayo huipati katika kitambaa cha jora, na tai moja ikifumuliwa hutoa vipande vya kutosha. Toa kitambaa kigumu kilichomo ndani, fua taratibu kwa mkono, na ukumbuke kwamba tai hukatwa mshazari, kwa hiyo kipande chake hunyumbuka. Ukikivuta wakati wa kushona, mfarishi utajikunja mahali hapo.

Kwa msingi nunua amerikani au bafta, uifue kwanza ili ipungue kabla ya kushonewa kitu. Ikiwa unataka kipande kilichokamilika cha sentimita 30 kwa 30, kata msingi wa sentimita 35, kwa sababu darizi huvuta kitambaa ndani, na mwenye kukata kipimo kamili tangu mwanzo hupungukiwa pembeni.

Habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Iringa mjini. Nina vipande vingi vya kanga na vitenge, na jirani amenipa satini na mahameli. Wapo wanaosema vitambaa vizito na vyepesi havichanganywi. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa mifarishi mingine, ambayo vipande vyake hushonwa kimoja na kingine bila kitu nyuma, kwa kuwa kizito hukivuta chepesi mpaka kikapasuka kwenye mshono. Katika mfarishi huu kitambaa cha msingi ndicho kinachobeba uzito wote, na hiyo ndiyo sababu wanawake wa Marekani na Uingereza waliokuwa wakiishona kwa wingi katika miaka ya 1880 waliweza kuweka mahameli kando ya hariri nyembamba bila wasiwasi. Mtindo huo uliwavutia baada ya Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, ambako sanaa za Japani zenye mistari isiyolingana pande zote mbili zilionekana na watu wengi kwa mara ya kwanza. Kanga na kitenge havikuwamo katika kazi zao, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara yao.

Kinachohitaji uangalifu ni tabia ya kila kitambaa mbele ya pasi na maji. Vitenge vingi sokoni leo vina poliesta ingawa muuzaji ataapa kwamba ni pamba tupu, kwa hiyo jaribu mwenyewe: chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, nje ya nyumba, na uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha masizi yanayosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu kisichovunjika. Kipande cha poliesta hakikataliwi, ila hupigwa pasi ya moto mdogo, na ukikiweka kando ya pamba utalazimika kufuata moto wake na si moto wa pamba.

Kanga mpya ifue kando, kisha iweke ikiwa mbichi juu ya kitambaa cheupe na uikandamize. Ikitoa rangi, rudia mpaka iache, hasa ile nyekundu na nyeusi. Mahameli ipige pasi upande wa nyuma juu ya taulo nene ili manyoya yake yasilale. Satini hufumuka kingo, kwa hiyo iachie sentimita moja na nusu ya mshono badala ya nusu sentimita inayotosha kwa kanga, na ikikusumbua sana, bandika nyuma yake kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi huweka kwenye kola.

Shikamoo mama. Niko Tukuyu. Nimekusanya vifungo, shanga, hereni moja moja zilizopoteza wenzake, lesi na vimetameta vya gauni la zamani. Sijui kipi kinashonwa kwanza, na ninaogopa kutu. Vilevile vitambaa vyangu vinashika ukungu.

Marahaba. Lesi na utepe hutangulia, kwa sababu ncha zake hutakiwa kufichwa ndani ya mshono wa viraka. Ukichelewa, ncha hubaki wazi na utalazimika kuzifunika kwa kifungo kisichokuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo kata lesi mapema na uiweke tayari kila unapoongeza kiraka. Darizi hufuata. Vifungo, shanga na hereni huja mwisho kabisa, kwa kuwa fremu ya duara ya kudarizia huvunja shanga, uzi wa darizi hunasa kwenye kila kitu kilichochomoza, na pasi huyeyusha shanga za plastiki.

Lesi nyeupe mno ya nailoni huonekana mpya kupita kiasi kando ya hariri iliyofifia. Itie katika chai ya rangi iliyokolea, kwa kuwa ya pamba na ya nailoni hupokea rangi, ingawa ya poliesta hupokea kidogo tu. Vilevile msisahau vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, ambavyo katika nyumba nyingi vimechakaa katikati huku kingo zake zikiwa nzima: ukingo wa namna hiyo ni lesi bora kuliko nyingi za dukani.

Kuhusu kutu, funga kila kitu cha chuma ndani ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya chumvi, ukiache usiku kucha. Kikiacha doa la rangi ya kahawia au kijani, hakifai, hata kiwe kizuri namna gani.

Ukungu wa Rungwe tunaujua sote, na mifuko ya plastiki huuzidisha kwa kuzuia unyevu usitoke. Hakikisha kila kipande kimekauka kabisa, kisha tumia mfuko wa amerikani au katoni iliyoinuliwa kutoka sakafuni, na siku ya jua uvitoe vipate hewa kivulini, kwa maana jua kali hufifisha rangi. Nondo hula sufu na hariri. Pamba safi haiwapendezi. Ukitumia vidonge vya naftalini, visigusane na vifungo vya plastiki, kwani baadhi yake hulainika. Napendelea kupanga vipande kwa namna vinavyofuliwa kuliko kwa rangi, kwa sababu rangi unaiona kwa macho, lakini kipande kisichostahimili maji hakijitangazi.

Mama, bibi yetu wa Makambako alifariki akaacha kanga za zamani na skafu ya hariri. Je, ni halali kuzikata?

Poleni kwa msiba. Kwanza waulizeni shangazi na wajomba, kwa sababu kanga ikishakatwa hairudi kuwa doti, na ugomvi wa namna hiyo haumalizwi na mfarishi mzuri. Wakikubali, ishike kila kanga mbele ya dirisha na uivute taratibu kwa mikono miwili. Palipopauka mpaka mwanga unapita huwa pamechoka. Mara nyingi pindo hubaki imara kuliko mji, yaani sehemu ya katikati. Jina la kanga likate zima, uliache refu kama utepe, na ulishone mahali litakaposomeka bila kupindua mfarishi. Hilo ni pambo ambalo duka halina.

Skafu ya hariri inahitaji tahadhari zaidi. Mifarishi mingi ya kale iliyohifadhiwa Marekani sasa inachanika yenyewe katika viraka fulani tu, na sababu ni kwamba viwanda vya wakati huo viliongeza uzito wa hariri kwa chumvi za madini kama bati na chuma, ambazo zilikausha nyuzi mpaka zikakatika. Skafu ikitoa mlio mkavu na kuonyesha mipasuko midogo unapoikunja, iacheni nzima. Ikiwa ni laini, ibandikeni nyuma bafta nyepesi kabla ya kukata.

Mimi ninaishi Njombe na ninataka mfarishi wa kujifunika Juni na Julai, si wa kutundika ukutani. Je, nitumie uzi gani na mapambo gani?

Achana na shanga, hereni, mahameli na satini, kwa kuwa mfarishi wa kujifunika utafuliwa. Kusanya pamba ya mashati, kanga, vitenge vya pamba na flaneli, vyote vikiwa vimefuliwa mapema, na upambe kwa darizi peke yake. Uzi wa kudarizi wa nyuzi sita unatosha. Tenganisha nyuzi tatu kwa mishono mikubwa ya manyoya na ya mifupa ya samaki, na mbili kwa maua madogo. Uzi mwekundu ujaribu kwa maji kwanza. Nyuma weka flaneli au blanketi jepesi, na badala ya kushindilia mshono juu ya tabaka zote, funga mafundo ya uzi imara kila baada ya sentimita 12 hivi, ukiyaelekeza nyuma ili yasiharibu darizi.