Hiyo shingo si uchafu

SWALI: Shikamoo nesi. Nina miaka 38, nauza maandazi na vitumbua Ngamiani, Tanga. Mwaka wa pili huu shingo yangu kwa nyuma imekuwa nyeusi, nene kama mahameli. Nimesugua kwa dodoki na ndimu hadi nikachubuka. Fangasi za ukeni zinatibiwa, mwezi haupiti zimerudi, na usiku naamka mara tatu kukojoa. Jirani ananiambia nikapime kisukari. Kisukari kitoke wapi, na chai mimi nainywa bila sukari? Mwili ninao, lakini nina nguvu zangu. Kitinda mimba wangu alizaliwa na kilo 4.6.

JIBU: Marahaba mwanangu. Dodoki litupe, na ndimu kamulia samaki. Weusi wa namna hiyo, shingoni au kwapani, mara nyingi hutokea mwili unapoisikia kwa shida insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi, na ule wingi ndio unaoikuza ngozi. Unaweza kuanza hata kabla sukari haijapanda.

Ila kilichonishtua zaidi ni zile kilo 4.6. Nimekuwa mkunga miaka mingi, na nakiri: mtoto mkubwa akizaliwa tulipiga vigelegele, tukamwambia mama kazaa dume la nguvu, basi. Mmoja niliyempongeza hivyo nilimkuta miaka baadaye anafungwa kidonda cha mguu kisichopona. Mtoto wa kilo 4 na zaidi huenda alilelewa tumboni na sukari nyingi ya mama, na mama huyo hubaki kwenye hatari ya kisukari hata baada ya kujifungua. Pamoja na mwili, umri, na kama mzazi au ndugu yako anacho, hesabu inaongezeka.

Chai bila sukari haikukingi. Andazi ni ngano, na ngano tumboni inakuwa sukari. Wewe unaonja tangu alfajiri, umekaa kwenye kigoda.

Fangasi hustawi penye sukari. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga kwenye mkojo na maji huifuata, ndiyo maana ya kuamka huko. Sisemi tayari unacho. Nasema jirani yako ana akili.

Kapime sukari kwenye damu ukiwa hujala kwa muda wa saa nane, maji tu ruksa. Usikubali kuambiwa “imepanda kidogo”. Omba namba uiandike. Ikiwa 7.0 au zaidi (kwa mmol/L) ni kisukari, na kwa kawaida watarudia kipimo kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani, na hapo kupunguza mwili na kutembea kila siku kunaweza kukurudisha. Ukianza kutapika, kuhema haraka au kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Najua saa kumi alfajiri umeshawasha jiko. Siku ya kipimo mwachie binti akaange, maana wewe kitumbua cha kwanza lazima ukionje.